Niseme Simjui Joha

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimelisema. Sikupanga — au labda nilipanga, nikajidanganya mwenyewe. Seti ya kwanza imekwisha, lobi ya hoteli imejaa, Kenneth anakaza nyuzi za besi yake. Nikavuta maiki. Nikasema wimbo huu nimeutunga mimi, ni wa rafiki yangu Joha, niliyelala naye bweni moja. Ni mwalimu. Novemba, huko nyumbani, wanafunzi wake walikamatwa kwenye maandamano, akasimama hadharani kuuliza wamepelekwa wapi. Tangu hapo na yeye haonekani. Basi na mimi nauliza — Joha yuko wapi?

Kisha nikapiga. Sijawahi kupiga vile! Mkono wa kushoto ulikuwa unatembea wenyewe.

Kwenye metro, karibu na kwake, Kenneth kasimama ashuke. Ndipo akasema, wimbo mtamu, Emi, lakini ile hotuba ungeiacha.

Hotuba! Maneno ya nusu dakika.

Jumamosi, 8 Februari

Kuna mgeni alirekodi. Proscovia ndiye kanionyesha, tunakunywa chai. Yeye ni Mganda, mlinzi wa duka kubwa, tunagawana chumba hapa mtaa wa Rashidiya. "Sister, uko kila mahali," kasema, na hakucheka. Nyumbani wanatumiana ile video. Wengine wananibariki. Wengine wananiita msaliti, nakula raha za Waarabu huku nawatukana. Mmoja kauliza tu: huyu si binti wa Mama Emi, yule wa kwaya? Hapo nikamrudishia simu yake.

Mchana nilikuwa na zamu ya peke yangu. Bi Barbara alikuja kama kawaida yake. Bibi wa Kimarekani, mweusi kama mimi, mpiga piano wa jazi tangu ujana wake. Sasa anaishi mtaa wa Oud Metha kwa binti yake. Hukaa meza ya karibu na piano, anaagiza chai, hainywi. Leo alitazama vidole vyangu tu. Akiondoka akanishika bega — pale katikati unaharakisha, uache wimbo upumue. La video hakuligusa.

Jumapili, 9 Februari

Mama kapiga simu baada ya misa. Watu wawili walikwenda nyumbani na gari. Walikuwa na adabu, kasema. Wakauliza nafanya kazi wapi, narudi lini.

"Mwanangu, Joha ana wazazi wake wa kumlilia. Wewe sema ulikosea, yaishe."

Nikamwambia nimekusikia, mama. Sikusema ndiyo.

Huyu ndiye aliyenikalisha kwenye kinanda cha kanisa miguu haijafika chini. Anaimba sauti ya kwanza, anasikika hadi barabarani. Leo alikuwa ananong'ona, kama kuna mtu dirishani.

Jumanne, 11 Februari

Azzam, meneja, kaniita ofisini. Si mtu mbaya. Alinisikia kwenye harusi moja, akanileta hotelini, akapigana nipewe piano ya kweli badala ya ile ya umeme. Kaniagizia kahawa. Kasema wapo wateja wakubwa kutoka kwetu, wafanyabiashara, hulala pale kila wakija. Wamelalamika. Hoteli haina siasa, Emiliana. Wewe ni wa piano.

Anataka video fupi. Niseme nilieleweka vibaya. Niseme huyo Joha simjui, jina nililiokota mitandaoni. Ijumaa baada ya kazi tunarekodi, khalas, yamekwisha, mkataba unaendelea.

Na nisipotaka?

Kanyoosha mikono tu. Viza yangu iko chini ya hoteli. Anajua, najua.

Simjui! Mtu aliyenisuka nywele miaka yote ya sekondari. Aliyekaa na mimi hospitali nilipougua tumbo, ananisomea hesabu ili nisifeli.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda kwa Bi Barbara. Ukweli ni kwamba nilitaka aniambie kataa. Hakusema.

Alinisimulia. Ujanani, katika mji wake, polisi walimuua kijana mweusi. Yeye akalisema jukwaani, akataja jina. Hakuna aliyemfukuza. Simu ziliacha tu kuita, ukumbi mmoja baada ya mwingine. Akaenda kupiga kwenye meli za watalii na mahoteli ya Ulaya. Binti akalelewa na dada yake. Binti huyohuyo alikuwa jikoni anaosha vyombo, anatusikia.

Nikauliza kama anajuta. Kasema yale maneno, hapana. Akatazama jikoni. "Lakini usimwamini atakayekwambia hayakuwa na gharama."

Bomba likafungwa. Binti akaleta machungwa, ameshayamenya. Akakaa mbali na mama yake.

Jioni Kenneth akapiga simu. Watoto wake wanasoma Kampala; mimi nikitoka, hoteli itaweka DJ, na yeye hana kazi. Hakunilaumu. Aliniomba. Bora angenilaumu.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Maua mekundu hadi juu ya piano, watu wanapigana picha, mimi nyimbo za mapenzi seti nzima. Nimepiga vizuri. Hilo linanishangaza.

Halafu chumba kidogo nyuma ya lobi. Azzam kashika simu, kanipangia mwanga. Yalla, haya twende, kasema, dakika moja tu. Nikaanza — naitwa Emiliana, ni mwanamuziki. Sawa. Nikasema, "Joha" — na neno la pili halikutoka. Akasema hamna shida, tena. Halikutoka tena. Nilikuwa nimeamua kulisema, Mungu shahidi! Niliamua tangu asubuhi, kwa ajili ya mama, kwa ajili ya wale watoto wa Kenneth. Mdomo ukakataa.

Mara ya tatu nikasema, "Joha namjua."

Azzam akashusha simu. Hakukasirika. Kasema haram, Emiliana, haram — kama wanavyosema hapa wakisikitika — piano hii itakosa mwenyewe.

Kenneth alikuwa mlangoni, kasikia yote. Hakunitazama usoni. Akachukua mkoba wangu, akanibebea hadi nje.

Jumatatu, 17 Februari

Khalas. Viza inafutwa. Nimepewa muda nipate mwajiri mwingine au niondoke. Niondoke niende wapi? Proscovia kasema kitanda changu ni changu, nisianze kuomba samahani. Kenneth katuma ujumbe: kuna mkahawa mtaa wa Naif wanataka mtu wa kinanda, si jazi, nyimbo za harusi. Katuma tu, bila salamu. Lakini katuma.

Nilikuwa naandika hayo mama akapiga. Simu iko mezani, nimefungua spika, sijui mikono niipeleke wapi ila hapa kwenye karatasi. Hajui bado kwamba nilikataa. Wale watu walirudi asubuhi. Safari hii wamemuuliza yeye: unamjua huyo Joha?

Nikafumba macho.

"Nikawaambia namjua. Likizo zote alikuwa anakula kwangu, leo nitasemaje simjui?"

Hanong'oni tena. Wamemwambia watarudi na mkubwa wao. Nimemwambia mama toka, nenda kwa shangazi, sasa hivi! Kasema anafagia. Kasema kwa shangazi akafanye nini, yeye yuko kwake.

Gari. Hata mimi nimelisikia, huku.

"Usikate," kasema.

Sijakata. Proscovia kaja kukaa kitandani kwangu na sare zake. Milango ya gari inafungwa — miwili, hapana, zaidi. Mama anaegesha ufagio ukutani. Anakohoa. Anasema karibuni, lakini viatu acheni nje, nimetoka kufagia —