Mwanabaraka, Hodi Yako Imeitikiwa Tena

Mwaka umetimia, na siku tatu juu yake, tangu ulipotutoka, dada yetu Mwanabaraka binti Ishaka. Siku yako ilikuwa Alhamisi. Tangazo hili tumelichelewesha makusudi hadi Jumapili, kwa sababu Alhamisi hiyohiyo watu wa kata yako kule Uingereza walikuwa wanapiga kura, na miongoni mwa majina ya wagombea lilikuwamo la Naila, binti yako. Tulitaka tukija kwako tuje na habari kamili.

Tunayo. Subiri kidogo, tutakwambia.

Uliondoka hapa Kaole miaka ishirini na sita iliyopita, bibi harusi wa shemeji Masoud, na sanduku zima la kanga na viungo vya pilau. Ulipata kazi jikoni katika shule ya msingi, ukiwapakulia watoto chakula cha mchana. Ulimjua asiyekula karoti na anayeficha njegere mfukoni. Watoto hao walikua wakawa wapiga kura wako, nawe ukitupigia simu Jumapili ulikuwa huishiwi habari zao: "Leo nimekutana na yule wa njegere. Ana ndevu!"

Siasa hukuitafuta. Walifuta basi la kwenda hospitali, na wazee wa mtaa wako wakakosa namna ya kufika kliniki. Ukaenda mkutanoni kuuliza. Ukaenda tena. Mara ya tatu watu wa chama wakakuomba ugombee udiwani.

Kule mgombea hupita nyumba kwa nyumba. Na sisi Mama yetu, Bi Zuwena, alitulea kwa neno moja: "Ukifika kwa mtu usisimame mbele ya mlango. Kaa pembeni, usije ukaona yasiyokuhusu." Ukaenda na adabu hiyo mpaka Uingereza. Ukagonga, ukakaa pembeni, ukasubiri. Wenyewe wakichungulia kwenye kitundu cha mlango hawaoni mtu. Wakadhani ni watoto watundu. Mzee mmoja, Bwana Pickering, alibandika hadi karatasi mlangoni kuwaonya wanaogonga na kukimbia. Ulishindwa kwa kura kumi na tisa.

Kaka Mikidadi hakukuacha salama. "Yaani umetoka Kaole kwenda Ulaya kuwa jini? Watu wanagongewa, wakitazama hakuna kitu!" Ulicheka mpaka ukakohoa. Mama hakucheka. Alichukua simu akasema, "Umeshindwa kwa adabu, mwanangu, wala usiiache. Ila toa sauti, wajue upo."

Katika uchaguzi uliofuata ukasimama palepale pembeni, lakini ukaita "Hodi!" kama ulivyokuwa ukiita kwa shangazi Ashura, ukasikika mpaka mtaa wa pili. Watu wakafungua kuona kuna nini. Bwana Pickering akafungua naye, akauliza neno hilo lina maana gani na hujibiwaje. Ukamfundisha. Ulishinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili.

Tunakumbuka ulivyotusimulia hotuba yako ya kwanza katika baraza la madiwani. Ulipewa dakika tatu, na mbili ukazimaliza kuwajulia watu hali, wao na wazee wao. Mwenyekiti akakukumbusha muda. Ukamjibu, "Salamu zimekwisha, mheshimiwa. Sasa, basi letu liko wapi?" Ilichukua miaka miwili, barua na vikao ambavyo hatukujua hesabu yake, lakini basi lilirudi. Picha yako na Bwana Pickering, mmekaa kiti cha mbele siku ya kwanza, ipo hapa ukutani karibu na saa.

Ukija nyumbani ulikuwa mtoto wa nyumbani. Ulifagia uwanja kabla hatujaamka. Mikidadi akikuita mheshimiwa, ulimrushia ndala. Majirani wakikuomba uwasemee habari ya barabara, uliwaambia, "Mie diwani wa kwa Wazungu, jamani. Mkikosa basi la Wazungu ndipo mnite." Kisha jioni ulikaa nao, ukawaandikia barua yao.

Ulipougua ulituficha, ukisema ni baridi tu. Ulizikwa huko, na Mama hakuweza kusafiri. Hilo linatuuma hadi leo. Hitima tulikusomea hapa, ua likajaa.

Baada yako kiti kilichukuliwa na mwingine, na majira ya baridi yalipofika wakaanza tena kuzungumzia kulifuta basi lako. Ndipo Naila akasema atagombea. Alimpigia simu mdogo wako Mardhiya, akalia. "Mama mdogo, nikishindwa basi litaondoka, na itakuwa kama mama hakupita hapa."

Huyo ni mtoto wa kuzaliwa huko, dada, unamjua. Kuita hodi barabarani aliona haya. Wiki nzima aligonga kimyakimya, akaacha karatasi, akapita. Milango haikufunguka. Alipofika kwa Bwana Pickering akagonga mara mbili, kimya. Akataka kuondoka. Halafu, anasema hajui kwa nini, akasogea pembeni ulipokuwa unasimama wewe, akaita: "Hodi!"

"Karibu!" ikajibu sauti ya mzee ndani, kwa Kiswahili chako.

Alifungua akiwa na mkongojo, akamkaripia. "Mbona hukusema ni wewe? Mama yako hakubisha hivyo." Akavaa koti. Siku tatu alimsindikiza mtaa kwa mtaa, na kila mlango mzee ndiye aliyetangulia kuita.

Juzi Ijumaa, wanaume walikuwa ndiyo kwanza wanatoka msikitini. Mama alikuwa mkekani na tasbihi yake, simu mbele yake, hakuruhusu mtu aiguse. Ikalia. Hakusema halo. Wala Naila hakusema amepata kura ngapi. Tulisikia neno moja tu, kwa sauti kubwa mpaka Mikidadi akaja mbio kutoka uani:

"Bibi, hodi!"

Mama akaweka tasbihi chini. Wewe hakuwahi kukuita mheshimiwa hata siku moja, ulimkataza. Naila amemwita.

"Karibu, mheshimiwa. Karibu ndani, mjukuu wangu."

Halafu akamuuliza kama amekula.

Basi lako lina mtu wa kulisemea, Mwanabaraka. Hizo ndizo habari tulizokuwa tunazingoja.

Unakumbukwa na mama yako Bi Zuwena, mumeo Masoud, binti yako Diwani Naila, kaka yako Mikidadi, mdogo wako Mardhiya, shangazi yako Ashura, na ndugu, jamaa na majirani wa Kaole, Bagamoyo na Mapinga. Bwana Pickering ameomba jina lake liwemo, nasi tumeliweka.

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na akujaalie pepo yake. Amin.

Maadamu kuna mtu wa kuita hodi katika nyumba hii, wewe hutasahaulika.