Ngazi za Upande wa Kushoto

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, na mvua imekataa kunyesha.

Nimerudi kutoka Lilongwe mikono mitupu. Ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwa sababu nilikwenda kupeleka meli na meli imefika salama, haikuvunjika hata mlingoti mmoja. Mteja amefurahi. Siku nyingine ningekuwa naimba jikoni saa hizi. Badala yake nimekaa kwenye kigoda mlangoni, simu mkononi, naandika haya kwa yeyote anayepitia ukurasa huu, na moyo wangu ni mzito.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu, nakaa hapa Malawi, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mume wangu, Baba Neema, ni seremala. Tunatengeneza meli ndogo, mfano wa zile meli za matanga za zamani zilizokuwa zikikimbiza chai kutoka China hadi Ulaya kabla injini hazijatawala bahari. Yeye huchonga mwili wa meli kwa mabaki ya mbao kutoka kwa maseremala wa Mtandire, mtaa mmoja wa Lilongwe, husimamisha milingoti na kufunga kamba. Mimi hushona matanga kwa vitambaa vya mashati yaliyochakaa, kisha huyaloweka kwenye chai ya rangi ili yaonekane yamekula jua. Meli nzima haizidi urefu wa mkono wangu.

Bahari yenyewe hatujawahi kuiona, si mimi wala yeye. Tulijifunza kwenye meli moja ya mapambo iliyovunjika, ambayo mwenye nyumba mmoja mjini alimpa Baba Neema aitengeneze. Alikaa nayo wiki nyingi mpaka akaijua yote, uzi kwa uzi.

Makosa tumefanya, tena ya kuchekesha. Meli yetu ya kwanza ilikuwa na bendera inayopepea kuelekea nyuma. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Kivu tumezoea boti za injini, na kwenye boti ya injini bendera hulala nyuma siku zote. Hatukuwaza zaidi ya hapo. Kisha siku moja nilikuwa naanika nguo, upepo ukavuma, nikaona mashati, kanga na mashuka yote yanaelekea upande mmoja. Nikaduwaa pale na kibanio mdomoni. Kama upepo ndio unaosukuma matanga kwenda mbele, bendera inarudije nyuma?

Niliingia ndani nikamwambia, "Baba Neema, bendera yetu iko nadanganya bantu."

Akaangalia meli, akatoka kuangalia nguo zangu kwenye kamba, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akachukua kisu akaibandua.

Siku zile nilikuwa nikiona kosa namwambia.

Macho yake yalianza kama utani. Alisema anaona moshi, mimi nikamwambia ni uzee unamkimbilia. Hospitali mjini walituambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi. Sasa anajua mchana na usiku, anajua taa ikiwashwa, basi. Lakini kazi hakuacha. Anachonga kwa kupapasa, anapima kwa vipande vya katoni nilivyomkatia, na kila hatua huniita: "Mama Neema, kuya uangalie. Iko bien?" Mimi nasema iko bien, iko sawa, au haiko, naye anaendelea au anabomoa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya kazi. Mimi nilikuwa macho yake, na nilijivunia cheo hicho.

Meli ya leo iliagizwa na bwana mmoja mstaafu, mkazi wa Nsungwi huko Lilongwe, aliyekuwa kwenye ofisi za serikali za Capital Hill. Kwenye ukuta wa ofisi yake palikuwa na picha ya meli ya matanga, na miaka yote ya kazi aliitazama kila alipochoka na makaratasi. Siku ya kuagwa walimpa saa na maneno mazuri, picha ikabaki ukutani. Akatamani awe na meli yake mwenyewe nyumbani. Alinitumia kwenye simu picha ya ile picha, meli imeelekea kulia, matanga yamejaa. Muda wote wa kazi nilikuwa nikimsimulia Baba Neema picha hiyo, tanga moja baada ya jingine.

Kila mlingoti una ngazi za kamba pande zote mbili, ambazo mabaharia walizipanda kwenda kukunja matanga. Ni kazi ya kuchosha kuliko zote. Unavuta nyuzi nene zilizopakwa nta ya mshumaa kutoka ubavuni mwa meli hadi juu, kisha unazikatiza kwa nyuzi nyembamba, fundo kwa fundo, ndiyo madaraja ya ngazi. Zamani Baba Neema aliweka njiti ya kiberiti kati ya daraja na daraja ili nafasi zilingane. Siku hizi njiti inamponyoka, kwa hiyo anapima kwa ukucha wa kidole gumba. Kila fundo likikaza analitia tone la gundi na kulibana, na hapo hubaki kichembe kigumu kama punje ya ulezi.

Wiki iliyopita alimaliza ngazi za kulia, kisha za kushoto, akaniita. Niliangalia. Madaraja yalikuwa yamelewa. Moja limepanda, jingine limeshuka, mawili yamesogeleana kama wanawake wanaosengenya kanisani.

"Iko bien?" akauliza.

"Iko bien," nikasema. "Iko bien kabisa."

Kwa nini nilisema vile? Asubuhi ile alikuwa amemimina chai nje ya kikombe, nami nikafuta meza. Sikutaka kumwongezea jingine. Nilidhani ni huruma.

Lakini mimi nina ugonjwa. Siwezi kuona kitu kimepinda nikakiacha. Kola ya mtu ikikunjika kwenye benchi la mbele, sisikii mahubiri. Zile ngazi zilinisumbua kila nilipokaa kwenye cherehani, maana meli ilikuwa pale pale mezani, upande wa kushoto ukinitazama. Na kulikuwa na jambo jingine, bora niliseme. Niliogopa yule bwana wa Nsungwi aangalie kazi yetu na aone kwamba imefanywa na kipofu. Nilimwonea mume wangu aibu kabla ya mtu yeyote kumwonea.

Jumamosi Papa Samy, jirani yetu, alimchukua kwenda mazoezi ya kwaya. Walipopinda kona nikachukua mkasi mdogo nikakata mafundo yake yote ya upande wa kushoto. Nikafunga upya, njiti ya kiberiti mkononi. Kila fundo nililimaliza kama fundi cherehani anavyomaliza, sindano ikaficha ncha ndani ya uzi wenyewe. Zilitoka zimenyooka kama mistari ya daftari. Nilisimama nikazitazama na kujisifu, sitasema uongo. Za kulia nilipanga kuzifanya siku nyingine akitoka.

Aliporudi alinawa mikono, akaja mezani kama kawaida yake kuipapasa meli ajue imekaa wapi. Vidole vyake vikapanda ngazi ya kushoto. Vikasimama. Vikashuka, vikapanda tena.

"Hii upande ni laini tangu lini?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningeweza kupita na kosa langu moja nikatokea upande wa pili. Angekasirika, ningelia, tungekula nsima tukalala.

"Ni kazi yako, Baba Neema," nikasema.

Akacheka kidogo, si kicheko chake ninachokijua. "Macho njo ilikufa, Mama Neema. Vidole iko."

Nilimwambia ukweli baada ya hapo, wote, na nikaomba msamaha. Alinisamehe palepale. Alisema haina neno. Kisha akakusanya patasi zake, akazifunga kwenye kile kitambaa cha kaki, akaziweka chini ya kitanda. "Umalize weye," akasema. "Unajua kazi."

Tangu siku hiyo ana adabu na mimi. Anasema asante kwa maji, asante kwa chakula. Sisi ni watu wa kutaniana, tangu uchumba tunaitana majina yasiyoandikika hapa. Afadhali angenigombeza. Nimeikumbuka ile Jumamosi mara nyingi, na nimeona kwamba kukata mafundo kulimuuma, lakini lile jibu ndilo lililomwondoa mezani. Mtu asiyeona akiuliza mkewe swali, hana pa kwenda kulihakikisha.

Za kulia sikuzigusa. Sikuwa na moyo. Meli ikaondoka hivyo, kushoto mafundo yangu yaliyonyooka, kulia yake yaliyopinda.

Leo nimekwenda Nsungwi peke yangu, mara ya kwanza bila yeye. Bwana mstaafu alipangusa rafu kwa mkono wake mwenyewe, akamwita mkewe aache alichokuwa akifanya. Akaibeba meli kama mtoto mchanga, akaiweka, akarudi nyuma hatua chache, akaisogeza kidogo. Aliiweka kama ilivyo kwenye picha ya ofisini. Imeelekea kulia.

Upande wa kushoto wa meli umeelekea ukutani.

Niliketi kabla ya kukaribishwa. Mama wa nyumba akadhani ni uchovu wa njiani, akaniletea maji. Nilikuwa na ile picha kwenye simu muda wote. Nimemsimulia mume wangu mara ngapi sijui, meli imeelekea kulia, na haikunijia kabisa kwamba mtu huyu angetaka kuiona vilevile alivyoizoea. Ngazi zangu nzuri hazitaonwa na mtu, labda mjusi. Walioko sebuleni wanaona ngazi za Baba Neema, na bwana mstaafu alizipitishia kidole, akauliza kama ni kweli watu walipanda hapa upepo ukivuma. Nikamwambia ndiyo. Akauliza nani kafunga. Nikasema mume wangu, na lilikuwa jibu la kweli.

"Mwambie zikomo kwambiri," akasema, yaani asante sana kwa Kichewa. Hakuona kwamba zimepinda, na kama aliona hakujali.

Niliomba ruhusa nikapiga picha, meli kwenye rafu, upande wa kulia mbele. Nilitoka pale nikiharakisha, nikiwaza atakavyofurahi nikimwonyesha. Nilifika mpaka kituoni ndipo nikakumbuka. Nikasimama kando ya barabara na simu yangu, watu wa kabaza wananiita nipande baiskeli zao.

Nyumbani nilimkuta kitandani, ameketi, mikono magotini.

"Balifurahi?" akauliza.

"Balifurahi sana. Na aliiweka vile iko ku picha. Upande yako njo inaangalia bantu. Yangu iko ku ukuta."

Aliinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza kitu mbali. "Sawa, Mama Neema," akasema. "Asante."

Nilijua sauti hiyo. Mimi mwenyewe niliitumia siku nilipomwambia iko bien kabisa. Amedhani nampooza.

Nikamwambia ni kweli, nina picha, nimwite Papa Samy aitazame amwambie. Maneno yalipotoka ndipo nikayasikia. Mke anayemwita jirani aje athibitishe alichosema kwa mumewe.

"Hapana," akasema kwa upole. "Usisumbue mutu."

Nikaenda kuchambua mboga. Baadaye akasimama, akapapasa kiti chake akakishika. "Inje kuko manyunyu?" akauliza.

"Hapana, ni mawingu tu."

Miaka yote hii angesikia hivyo, akashika kiti akatoka. Leo alikwenda mpaka mlangoni, akakiweka kiti chini, akanyoosha mkono nje, kiganja juu, akangoja.

Hakuna tone lililoanguka. Akaurudisha mkono, akaupangusa kwenye shati ingawa ulikuwa mkavu, akatoa kiti nje akakaa. Sasa yuko pale mbele yangu, naona mgongo wake, na mimi niko kwenye kigoda hiki naandika.

Nimefikiria kuinuka nikamwombe msamaha tena. Lakini msamaha nilishapewa. Kilichokosekana hakiombwi. Huenda nianzie kwenye vitu vidogo visivyo na maana: chumvi imezidi, soksi hizi si jozi, jirani amepita na hakusalimu. Niviseme vilivyo, kila siku, bila kumwonea huruma. Na akishika uzi siku moja akaniuliza kama iko bien, nimwambie fundo limepinda, kama limepinda.

Je, ataniuliza tena?

Mawingu bado yapo juu ya Dzaleka. Asubuhi nitamwambia mbingu ilivyoamka, naye anyooshe mkono akitaka.