Baba, Mjukuu Wako Atacheza

Baba mpendwa,

Nakuamkia huko uliko, ila leo nakuamkia kwa ubishi. Mjukuu wako Zaina yuko darasa la sita na anacheza selo, ngoma yetu ileile, mpaka wapigaji wanaomba maji. Mwalimu wa kikundi cha ngoma cha Korogwe alimwona harusini hapa Mkata, anamtaka kila Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo kuna tuisheni. Shangazi kasikia, ananiambia, "Kaka angekuwepo, usingethubutu."

Eti nisingethubutu! Mimi niliyeendesha lori hadi Lubumbashi, nikabishana na polisi kwa lugha nisizozijua, nikashinda?

Lakini nilikumbuka siku ile Kwedizinga. Niko katikati ya uwanja, vumbi magotini, ukatokea. Watu wakadhani mzee anakuja kumtunza mwanawe. Wakakupisha, kina mama wakapiga vigelegele, ngoma ikapanda. Hata mimi nilikuchekea, nikaongeza mabega. Ukanishika sikio. "Shule umetoroka, jembe umelikimbia, kumbe kazi yako hii!" Tulirudi nyumbani sikio likiwa mbele, mimi nyuma.

Kweli, shule nilitoroka. Ila ngoma uliponikataza niliendelea kutoroka shule vilevile, nikaishia darasa la tano. Ngoma sikupata, shule sikupata. Na hukuniuliza hata mara moja kama nilikuwa najua kucheza. Nilikuwa najua, baba! Handeni nzima hakuna aliyenigusa, Kabuku ndiyo usiseme.

Jana nikamuuliza Zaina, "Ukikosa tuisheni, hesabu atakufundisha nani?"

"Si wewe, baba. Wewe hata matairi ya lori lako ukiyahesabu hupati jibu."

Tukacheka. Kisha akainama, akasema polepole, "Ila ukisema niache, nitaacha."

Hapo ndipo aliponimaliza. Mimi niliacha hivyohivyo, kwa adabu, na mpaka leo ngoma ikilia nageuza uso.

Basi nimeamua. Tuisheni atasoma siku za katikati ya wiki, jioni, nimeshaongea na mwalimu wake. Jumamosi ni ya ngoma, na Korogwe nitampeleka mwenyewe, lori lisubiri. Siku akichoka, aseme yeye kwa mdomo wake.

Nakupenda, baba, na kila Ijumaa nakuombea dua. Kwa hili sikutii. Kama una neno, njoo ndotoni tubishane. Ila Jumamosi usije, hutatukuta.

Mwanao mbishi,
Baba Zaina