Hosta ya Majani ya Kusokota

Yaya Masika, dada yangu,

Huku Japani baridi iko kama ya milima ya Lubero, lakini mimi niko muzima, na leo moyo umetulia. Sikia vile ilikuwa.

Mama muzee mwenye kunilalisha kwake iko na maua moja ndani ya chungu, inaitwa hosta. Majani yake inajisokota kama nguo yenye kukamuliwa. Nilipoiona, mikono yangu ya shamba ikaenda yenyewe. Kwetu muhogo ikikunja majani ni ugonjwa ya mozaiki, unaing'oa mbio mbele ya kuambukiza zingine. Basi nikaing'oa, nikaanza kutafuta kiberiti niichome.

Mama muzee akatoka akaniona. Akaingia ndani, akaleta picha ya zamani: bwana yake marehemu ameshika ile chungu, na majani imesokotwa vilevile. Yaya, nilitaka udongo inimeze! Lakini mizizi ilibakia mizima. Tukaipanda tena sisi wawili, tukaimwangia maji, na siku yote nilikuwa narudi kuichungulia. Leo asubui imesimama! Mama muzee akanipigia makofi, akanipa wali ya moto na samaki, kisha akaficha kiberiti huku anacheka.

Sasa najua, hapana kila jani ya kujikunja iko na ugonjwa.

Nabakumbatia wewe na batoto bote.

Mudogo wako, Katungu

N.B. Ile mihogo yetu ya shamba ya Mbau, usiionee huruma sababu ya hii kadi. Ile haina picha ya kuitetea. Ng'oa, choma.