Ushuhuda wa Baba Wakesho

Alhamisi, 2 Agosti 2018

Fulana ya kijani tena kwenye pasi. Baba Wakesho ana mashati ya ofisi kabati zima, lakini akitoka benki anavaa fulana ya klabu ya shabaha kama mtoto aliyenunuliwa jezi. Nimeiunguza kidogo kwapani. Makusudi. Hataona.

Treni ya kasi ilikuwa imejaa tangu Midrand. Nimesimama mpaka Sandton, kiwiko cha mtu mbavuni. Kazini mafaili ya bima kama kawaida: watu wanaeleza walivyovamiwa, mimi naamua nani anadanganya. Walioibiwa kweli hujikanganya. Waongo husimulia vizuri. Nimekataa madai mawili kabla ya saa sita, nikala chakula changu kwa raha.

Jioni akaniambia habari yake. Tarehe ishirini na nne wenye bunduki wataandamana hadi bunge la jimbo hapa Johannesburg, na klabu imemteua azungumze. Anasema ni heshima. Heshima gani. Walikuwa wanatafuta Mwafrika mwenye Kiingereza kizuri aliyewahi kuvamiwa. Wamempata, na tai anayo.

Jumapili, 5 Agosti

Ushirika wa Wakenya, nyumbani kwa Mama Mutheu. Chapati, maharagwe, chai ya maziwa, viti vya plastiki vya kuazima. Kwenye ushirika wetu mume akishuhudia, mkewe husimama baada yake na kuutia muhuri ushuhuda. Asiposimama, watu wanajua nyumba hiyo ina jambo. Kwa hiyo wake wote husimama. Hata mke wa Mbithi husimama, na Mbithi tunamjua sote.

Leo Baba Wakesho ameshuhudia ule wa wezi kwa mara nyingine. Jinsi alivyosimama koridoni mwezi wa saba mwaka jana, akawaambia wale vijana watatu wapite juu ya maiti yake. Jinsi walivyompiga kwenye paji la uso, kovu hili hapa, ndugu zangu. Jinsi walivyotimua mbio. Na jinsi Bwana alivyomfunulia kwamba baba wa nyumba lazima awe na silaha. Kila akisimulia anarefuka. Leo alikaribia kugusa dari.

Nikasimama. "Bwana asifiwe. Ni kama alivyosema." Nikakaa. Mama Mutheu alikuwa anafuta machozi kwa leso ya mezani.

Jumatano, 8 Agosti

Niandike mara moja, hapa ambapo hakuna anayesoma, usiku ule wa wezi ulivyokuwa.

Saa moja jioni. Mimi jikoni, yeye sebuleni na taarifa ya habari. Walipovunja mlango wa mbele, yeye ndiye aliyewaona kwanza. Hakuita mtu. Niliona mgongo wake tu ukiingia bafuni, kisha nikasikia ufunguo ukizunguka. Nikamsukuma Wakesho chini ya kitanda chake, nikakimbilia bafuni. Wezi walikuwa bado wanahangaika kuing'oa televisheni ukutani. Muda ulikuwepo. Nikabisha. Nikamwita Mwakio, jina ambalo simwiti tangu mtoto azaliwe. Nikabisha tena. Wakanikuta hapo hapo mlangoni. Wakanipigisha magoti, bisibisi shingoni, na mmoja akanivua pete ya ndoa kwa kuilowesha mate.

Walipoondoka, yeye bado yuko ndani. Kovu alilipata kwa kugonga kichwa kwenye chuma cha kutundikia taulo, alipokuwa anainuka sakafuni. Alifungua mlango akaniuliza kama niko sawa. Hajasema kingine mpaka leo. Wiki ile ile akaanza kutafuta leseni. Ana ukaazi wa kudumu, wakampa. Sefu imefungwa kwa bolti ndani ya kabati, juu ya nguo zangu za kanisani.

Simchukii kwa kukimbia. Uongo, namchukia. Lakini ninachotaka ni kitu kimoja tu: aniambie mimi, mimi peke yangu, alinisikia nikibisha au hakunisikia. Labda hakusikia. Mlango ule ni mzito. Watu walikuwa wanapiga kelele. Nakula naye, nalala naye, kwa sababu ya hiyo labda.

Jumamosi, 11 Agosti

Amenipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Amenipokea Mwenyekiti wa klabu, mzee wa Kizungu aliyekuwa mkulima, mikono kama majembe, adabu nyingi. Alinivutia kiti. Akaniambia mume wangu ni simba. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Wakanipa bastola nijaribu. Nimepiga karatasi katikati ya kifua. Baba Wakesho amepiga bega, kisha ukuta. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, kwamba huyo wa begani bado ana nguvu za kufika bafuni. Masikio yake yalibadilika rangi. Mwenyekiti akauliza nimesema nini. Nikamwambia namtia moyo.

Nimefurahi njia nzima.

Jumapili, 19 Agosti

Asubuhi nilimwomba. Nilimwomba kabisa, bila kejeli. Nikamwambia sitaki kwenda huko. Nikamwambia ahutubie anavyotaka, awe simba, awe tembo, lakini kabla hajaenda aniambie mimi ukweli wa pale mlangoni. Neno moja. Halafu nitamtilia muhuri maisha yangu yote bila kinyongo.

Akaongeza sauti ya televisheni. Hii mpya, ya bima. Mpira wa Uingereza.

Baadaye akapita jikoni akasema, "Ijumaa omba ruhusa kazini. Nitakuhitaji pale."

Wakesho alikuwa anasikiliza. Ana miaka kumi na miwili, Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Akaniuliza kwa nini baba husema wezi walimpiga. Nikamwambia akamwulize baba. Ni ukatili kumbebesha mtoto jambo hilo, najua. Hakwenda kuuliza.

Alhamisi, 23 Agosti

Anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha bafuni. Katika nyumba yenye vyumba vitano. Eish.

Ijumaa, 24 Agosti

Nimerudi. 

Tulikusanyika Marshalltown, katikati ya mji. Watu wengi kuliko nilivyodhani, wengi Wazungu, lakini pia Wahindi wenye maduka, wenye teksi, mama mmoja wa Soweto ambaye mwanawe aliuawa. Wapole wote. Kwa sheria ya maandamano hakuna aliyeruhusiwa kuja na silaha, kwa hiyo wanaume walivaa mikanda yenye mifuko mitupu ya bastola, wakawa wanaishikashika kama watu waliosahau simu nyumbani. Mabango yalisema kujilinda si kosa. Yalisema leseni ikipitwa na tarehe mtu asifanywe mhalifu. Wakaomba dua, wakaimba wimbo wa taifa, tukaanza kutembea. Askari wa trafiki walitusimamishia magari kwenye kila robot, yaani taa za barabarani.

Pembeni mwa barabara mama wa Kikongo anayeuza soksi alinisikia nikimwambia Baba Wakesho afunge kamba ya kiatu. Akaniita.

"Mama, aba bazungu banatafuta nini?"

"Bunduki."

"Si banazo?"

Nikacheka kweli kweli, mara ya kwanza mwezi huu. Baba Wakesho akaniambia nisimwaibishe.

Mbele ya bunge kulikuwa na jukwaa dogo nyuma ya gari la wazi na spika mbili. Mheshimiwa mmoja alitoka, akapokea karatasi ya madai, akaahidi kuisoma, akasimama kusikiliza akitazama saa. Mwenyekiti akamkaribisha mume wangu.

Alisimulia vizuri. Koridoni, maiti yangu, paji la uso. Kwa Kiingereza inasikika kama sinema. Mama wa Soweto akashika kifua. Nilidhani atamaliza hapo na tutakwenda nyumbani, nami nitaendelea kuunguza fulana.

Lakini mazoea ni mazoea. Alipomaliza hakushuka. Akageuka, akanitafuta kwa macho kama anavyofanya kwa Mama Mutheu, akasema mke wake yuko hapa na atathibitisha. Hakuna aliyemwomba. Wazungu hawana desturi hiyo. Mwenyekiti mwenyewe alishangaa, lakini akanipa mkono nipande.

Nikashika kipaza sauti. Nikamtazama Baba Wakesho, nikampa muda. Alitikisa kichwa kidogo, kuniambia haya, sema.

Nikasema. Kwa Kiingereza cha ofisini, sentensi fupi, kama ninavyoandika ripoti ya madai yaliyokataliwa. Kwamba alikuwa wa kwanza kuwaona. Kwamba alijifungia bafuni. Kwamba mimi na mwanawe tulibaki nje na wezi. Kwamba kovu lile ni la chuma cha taulo. Nilipofika kwenye taulo kijana mmoja akacheka, halafu wengine. Nilipenda kile kicheko. Nakiandika hivyo hivyo: nilikipenda. Baba Wakesho alisimama wima, mikono pembeni, akaanza kulia bila kujifuta.

Nilidhani nimemaliza. Sikumjua Mwenyekiti. Mzee yule alinitoa kipaza sauti mkononi kwa adabu zake zote, akamshika mume wangu bega, akawaambia watu wamtazame. Huyu si mwoga, akasema. Huyu ni baba mwema aliyenyimwa silaha. Huyu ndiye mwanamume ambaye wale waliomo ndani ya jengo hili wanataka sote tuwe. Na mama huyu shujaa amekuja kuwaambia usoni.

Wakapiga makofi mpaka mheshimiwa akaacha kutazama saa. Kijana aliyecheka alikuwa wa kwanza kuja kumkumbatia. Mama wa Soweto akanibusu mashavu yote mawili, akaniambia Mungu anilipe. Nimemvua nguo mbele ya mji mzima, na wao wakamvika nyingine nzuri zaidi.

Tukarudi nyumbani.

Jumamosi, 25 Agosti

Ameketi mezani mchana kutwa akisafisha bastola. Kitambaa, mafuta, kitambaa. Niliogopa. Nilimpeleka Wakesho kwa Mama Mutheu, nikarudi, kwa sababu sikutaka aone kwamba naogopa. Nikapita nyuma yake nikamwambia hiyo nayo haifungui mlango. Hakuinua macho. Akairudisha kwenye sefu, akaenda kukata nyasi.

Simu yake inalia tu. Klabu za Pretoria na Vereeniging zinamtaka. Zinamtaka aje na ushuhuda ule wa bafuni.

Jumapili, 2 Septemba

Ushirika. Habari zilikuwa zimefika kabla yetu. Wakenya wa Johannesburg hawahitaji redio. Wanawake walinipa mkono kwa ncha za vidole. Mke wa Mbithi hakunipa kabisa.

Baba Wakesho akasimama, akashuhudia upya. Kwamba aliwadanganya. Kwamba alijificha, na Bwana amemvunja, na shetani wa kiburi ametoka. Kwamba hakuwa na silaha, ndiyo sababu. Alilia vizuri. Wanaume walilia naye, Mbithi alilia kuliko wote. Kuhusu kubisha kwangu, hakuna neno. Katika ushuhuda mpya bafuni yuko peke yake na Mungu, na nje ya mlango hakuna mtu.

Wote wakanigeukia. Nilibaki nimekaa. Birika likaanza kupiga mluzi jikoni. Mama Mutheu akasimama mahali pangu, akautia muhuri yeye, akaniomba nikapike chai. Nikaenda. Nyuma yangu walikuwa wanaimba.

Jumanne, 4 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu, nyepesi. Wakesho kwenye mazoezi ya kuogelea. Nilikuwa naosha vyombo, yeye akachukua kitambaa akaanza kufuta sahani. Hafutagi sahani.

Akasema bila kunitazama, "Nilikusikia."

Nikaendelea kuosha.

"Mara ya kwanza nilikusikia. Ukaniita jina. Nikafungua bomba la bafu nisisikie tena."

Nilimwambia asante. Nilishangaa sauti yangu ilivyotoka, kama namshukuru mtu aliyenishikia mlango wa lifti. Akasimama kidogo na ile sahani, akiwa anangoja labda nilie, labda nimpige. Kisha akaiweka kabatini akaenda kumchukua mtoto.

Mwaka mzima nimekuwa nikimwuma kwa maneno ili aseme hili. Kumbe kila asubuhi nilikuwa naamka kwa sababu labda hakusikia. Hiyo labda ndiyo iliyokuwa inanipikisha, inanifulisha, inanilaza kitandani kwake. Sasa haipo.

Nimemaliza vyombo. Nimepanguza meza. Wamesharudi, nasikia gari.