Rubani wa Degedege

Jumanne, baada ya isha

Miaka yote hii ya udaktari, na leo nimeaminiwa kwa sababu ya urubani.

Bibi mmoja wa Kwihara aliingia zahanatini na mjukuu anatetemeka, macho yamegeuka juu, mwili moto. Dokta Neema, binti yetu mpya hapa kazini, akaandaa sindano. Bibi akamfunika mtoto kwa kanga.

"Mtoto wa degedege kashikwa na ndege, hachomwi sindano. Akichomwa ataondoka na huyo ndege."

Neema akaeleza malaria vizuri kabisa, kama kitabu. Bibi wala hakutikisika. Nikajitokeza na koti langu jeupe, nikasema mimi ndiye daktari mkuu. Hapo akazidi kumkumbatia mtoto.

Nesi ndiye aliyetuokoa. "Bibi, huyu mzee alikuwa rubani vitani, kule Kagera."

Bibi akanitazama upya. "Shikamoo. Kumbe ndege unawajua?"

"Marahaba. Nawajua." Ningefanya nini, nianze kumfundisha ngeli? Akafunua kanga, nikachoma sindano.

Jioni mtoto akaomba uji. Bado naogopa, homa inaweza kupanda tena usiku huu. Na Neema amenuna, eti nimemdanganya bibi. Ana haki, lakini…

Nilipokuwa naaga, bibi akauliza, "Vitani uliangusha ndege wangapi?"

Mimi nilikuwa nabeba majeruhi na magunia ya mchele. "Sikuangusha hata moja."

Akanipigapiga bega kwa huruma. "Basi leo umeangusha mmoja."