Kenchi ya Tatu

Jumatatu, 7 Oktoba
Saiti saa moja kasoro. Kenchi nne za paa zimepanda, ya tatu imepinda. Nimeipima kwa kamba mara mbili nisije nikamwonea mtu. Imepinda. Nikamwambia Baba Kulwa, fundi mkuu, mbele ya wote, kwamba hata mwanafunzi hafanyi kazi hivi. Akashuka, akafuta msumeno wake, akaondoka. Wodi hii ya wazazi isipoezekwa kabla ya mvua, wilaya inampa mradi mtu mwingine. Sikubali.

Jumanne, 8 Oktoba
Hakuna fundi hata mmoja. Nimekalia mbao mpaka saa tano. Nina hasira. Kwani haikupinda? Nitaleta mafundi wengine kutoka Kalangalala, mjini.

Mama Neema, anayetupikia, ndiye kanifungua macho. Yule kijana mrefu aliyeanza jana kubeba mbao ni mkwe wa Baba Kulwa. Kamwoa binti yake juzi tu. "Injinia, umemvua nguo mzee mbele ya mkwewe. Atamtazamaje?"

Sikujua. Wala sikuuliza. Miezi mitatu hapa Ushirombo, mabati nayajua yote, watu siwajui.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimekwenda nyumbani kwa Baba Kulwa. Shikamoo, marahaba, kiti, maji. Nikaomba radhi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulinisema kwenye watu, mama. Hapa tuko wawili."

Nimerudi na aibu yangu. Kalangalala siendi. Kesho nalimaliza mbele ya watu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimewaita wote, na mkwe pia. Wamekuja. Nikasema mbele yao. Kwamba nimemkosea mtu aliyenizidi umri na kazi. Kenchi imepinda, hilo sikulifuta. Maneno yangu nimeyafuta.

Baba Kulwa akachukua nyundo, akaenda kwenye ile ya tatu. Mkwe akamshikia ngazi.

Jumanne, 22 Oktoba
Mvua ya kwanza jana. Bati la mwisho tulipiga Jumamosi. Nimezunguka wodi nzima nikipapasa kuta. Pakavu.

Asubuhi Baba Kulwa aliniita kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia. "Injinia, hapa nimekosea kipimo. Njoo uone." Nusu inchi. Nisingeiona. Tangu nifike hapa hakuna aliyewahi kuniita kwenye kosa lake.

Akanipa ncha moja ya kamba. Nimeshika. Kabla ya chai fremu ya mlango ilikuwa imenyooka.